Amiba ya Ubaoni

Beni, tarehe 4 Desemba 2002

Kwa Prof Malachie,

Salamu nyingi, Prof. Ni mimi Kyakimwa Orpa, mwanafunzi wako wa sekondari, promotion ya 1998, ule mwenye alikuwa anakaa karibu na dirisha na kuuliza maulizo mpaka kengele inalia. Sijui kama unanikumbuka. Mimi nakukumbuka, njo maana nakuandikia.

Nilianza masomo ya labo, mais vita ilifunga masomo mwaka wa pili. Sasa niko hapa Beni, mu kituo kidogo cha afya cha kanisa, barabara ya kwenda Oicha. Laborantin mwenye alikuwa ananifundisha alienda kutafuta familia yake, hakurudia. Nimebaki mimi peke yangu na mikroskopi moja ya zamani, ile inaomba mwangaza ya jua kwa kioo chake. Mawingu ikikuja, kazi inasimama.

Prof, batu banakufa. Tangu bakimbizi ba upande wa Mambasa baanze kufika kwa miguu, kupitia Eringeti, uwanja wa kanisa umejaa mpaka kwa ngazi. Sasa ni wiki mbili kuko ugonjwa ya kuhara damu. Inakamata batoto mbele ya bakubwa. Tumbo inakata, homa inapanda, mutu anaenda choo mara makumi mbili kwa siku, na kile kinatoka hapana choo tena, ni damu na makamasi. Tumezika tisa.

Infirmier wetu, papa Apollinaire, mwenye anatibu bagonjwa, ananiuliza kila asubuhi: "Orpa, unaona nini?" Nakuandikia kile naona, bila kuongeza. Naona chembe nyekundu za damu, mingi. Naona chembe za usaha. Na katikati yao naona kitu kubwa ya mviringo, inashinda zingine zote kwa ukubwa. Iko na kiini ndani, ile tuliita noyau darasani. Zingine zimemeza chembe za damu. Nahesabu mbili, tatu, ndani ya tumbo yake. Hapana kutembea. Nimeichora chini ya barua.

Wewe ulitufundisha namna ya kuweka kila kiumbe mu kundi yake. Sina tena ile kaye yangu ya kuandikia masomo. Nisaidie: hii kitu ni ya kundi gani? Sababu muti inafuata kundi. Kama ni amiba, kuko Flagyl, tuko nayo katoni mbili. Kama ni bakteria, ni muti ingine kabisa, na hiyo hatuna hata kidonge moja. Itabidi tuitafute mbali.

Barua inakuja na Vagheni, dereva wa Fuso, lori ya kubeba mbao. Anarudi Beni Ijumaa.

Mwanafunzi wako,
Kyakimwa Orpa


Butembo, tarehe 6 Desemba 2002

Orpa, mwanangu,

Nakukumbuka vizuri. Ni wewe uliyeniuliza: kama uyoga ni mmea, kwa nini unaota gizani pasipo jua? Nikakuambia tulia, tutafika kwenye sura hiyo. Hatukufika. Basi leo tufike.

Watu wa zamani walikuwa na makundi mawili tu. Kinachotembea na kula ni mnyama. Kilichosimama mahali pamoja na kuwa kijani ni mmea. Hiyo ilitosha kwa mbuzi na mgomba. Lakini walipotengeneza vioo vya kukuza, waliona ndani ya tone la maji ya dimbwi viumbe ambavyo havikukubali hukumu hiyo. Kuna kimoja ni kijani kama jani, nacho kinaogelea kwa mkia. Wataalamu wa mimea walisema ni chetu, wa wanyama wakasema ni chetu, wakagombana muda mrefu sana. Uyoga nao walikuwa wameutupa kwa mimea kwa sababu tu hautembei. Mwishowe waliacha kuuliza "kinatembea?" wakauliza swali bora: "ndani yake kuna nini, na kinaishi namna gani?"

Donc, na wewe uliza hivyo hivyo. Swali la kwanza: seli ina kiini? Kama haina, kama urithi wake haukufungiwa chumba chake chenyewe, hiyo ni bakteria, ukoo wa kale kuliko zote. Swali la pili: ina kiini, lakini je, ni seli moja inayojitegemea? Basi iweke kwa protista. Humo wamo amiba, wamo vidudu vya malaria, wamo wale wa kijani wenye mkia. Swali la tatu: inakula namna gani? Inameza, au inanyonya vilivyooza kama wafanyavyo kuvu na uyoga, au inajipikia kwa jua?

Sasa pitisha kitu chako. Ni kubwa kuliko chembe zote: bakteria ungeiona kama nukta, au usingeiona kabisa. Ina kiini: si bakteria. Inameza chembe za damu: si kuvu. Kimebaki nini? Ni amiba, Orpa, ile inayokula utumbo. Nimeichora ubaoni miaka kumi na tisa, naijua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu. Unasema haitembei. Hilo lisikusumbue. Kioo unachoweka chini ya mikroskopi ni cha baridi, nayo ikipata baridi hujikunja na kutulia.

Toeni Flagyl bila kuchelewa.

Nami nina ombi. Binti yangu Berthe aliolewa Mambasa, mume wake anauza mafuta ya mawese. Wana mtoto mmoja wa kike, Bénie, wa miaka minne. Tangu Oktoba sina habari yao. Berthe ni mrefu, ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Alianguka kwenye ngazi ya chapeli akiwa mdogo. Kila siku watu wapya wakifika, naomba upite katikati yao uangalie.

Mwalimu wako,
Muyisa Malachie


Beni, tarehe 13 Desemba 2002

Prof, wasingya sana, aksanti.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya kila mutu. Papa Apollinaire hakufurahi. Alisema: "Orpa, mimi niko na miaka makumi mbili na tano mu hii kazi. Amiba inakuja pole pole, inakamata mutu moja huku, mutu moja kule, bila homa kali. Hii inakamata uwanja muzima mara moja, na batoto banawaka moto. Hii ni bakteria."

Nikamujibu: "Papa, hiyo bakteria iko wapi? Naangalia kila siku yenye jua. Kitu naona iko na kiini."

Akaangalia tena ile barua yako, maandishi yako mazuri, yale maulizo matatu. Akasema: "Bon. Mimi ni infirmier, Prof ni mutu ya masomo." Akafungua katoni. Tangu Jumamosi kila mugonjwa anapata Flagyl. Bamoja banapata nafuu. Bengine bado.

Na sasa habari yenye ningependa kuileta kwa miguu yangu mwenyewe. Berthe amefika! Jana, saa nne ya asubuhi. Nilimujua kwa kovu. Miguu imevimba, balitembea siku kumi na mbili mu pori. Na bwana yake balipotezana njiani, mais batu bamemuona muzima upande wa Komanda. Bénie alikuwa mugongoni. Ni mutoto wa akili, Prof. Aliingia mu labo, akaweka jicho kwa mikroskopi, akaniuliza: "Batu ba humu ndani banakula nini?"

Bénie naye anahara tangu juzi. Usiogope. Bengine banachelewa kutuletea batoto. Yeye tulimuanzisha muti siku ile ile alifika.

Orpa


Butembo, tarehe 16 Desemba 2002

Orpa, mwanangu,

Barua yako niliifungua njiani, mvua inanipiga, watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, wananipigia kelele nitoke katikati ya barabara. Sikutoka. Niliisoma mpaka mwisho, kisha nikairudia pale penye neno "amefika". Mama yake Berthe angekuwa hai angepiga vigelegele mpaka sokoni.

Leo darasa la tano sikufundisha somo nililotayarisha. Niliwasomea barua yako ya kwanza na majibu yangu. Nikawaambia: mnalia kila siku kwamba makundi ya viumbe ni orodha ya kukariri kwa ajili ya Examen d'État, mtihani wa kumaliza shule. Sikilizeni sasa. Huko Beni mtu akikosea kundi, mtoto anakufa. Akipata kundi, mtoto anapona.

Vagheni anakuletea debe la maharagi, viazi, na sweta nyekundu ya Bénie. Butembo ni baridi, na yeye amezoea joto la Mambasa. Nilikisia kipimo, maana mara ya mwisho nilimwona anatambaa. Noeli nitakuja kuwachukua wote wawili. Mwambie Bénie swali lake ni zuri, na jibu lake ni refu, nitampa mimi mwenyewe.

Malachie, babu yake


Beni, tarehe 22 Desemba 2002

Prof,

Sweta imefika, na maharagi, na viazi. Wasingya. Berthe ni muzima. Miguu yake inapona. Anakusalimia. Anaomba usikuje Noeli, njia ni mbaya, kuko barrière mingi na maaskari banasumbua batu. Atakuandikia mwenyewe akipata nguvu.

Niko na ulizo.

Alhamisi alikuja muzee moja wa Kamango. Hapana mukimbizi, alikuja kwa mutoto wake hapa Beni. Tumbo inamusumbua tangu mwezi wa tisa, inakuja inaenda. Homa hana. Nilichukua choo yake ikiwa ya moto bado, nikaiweka chini ya kioo. Prof, nikaona kitu inatembea. Ilitoa kama mukono mbele, sawa maji yenye imemwagika kwa meza na inatafuta njia, kisha mwili yote ikafuata ule mukono. Ikatoa ingine. Ndani yake kulikuwa damu. Ilienda, ikaenda, mpaka nikasahau kupumua. Muzee tulimupa Flagyl, na leo tayari anaongea habari ya kurudi kwake.

Nikarudi kwa bakimbizi. Nilifikiri, labda ni baridi, sawa vile uliandika. Donc nilichukua choo ya moto, na kioo nilikiweka kwanza mu kwapa yangu ipate joto ya mwili. Nilifanya hivyo mara kumi na moja, kwa bagonjwa kumi na moja. Hakuna hata moja yenye ilitembea. Na kiini hazifanane. Ya muzee karibu haionekane, ni kama pete hafifu. Ya bakimbizi ni kubwa, imejikunja sawa haragi.

Nakuuliza na heshima yote. Inawezekana ile kitu hapana amiba? Na kama hapana amiba, ni nini? Unijibu mbio. Usiangalie kwamba mwanafunzi anakupinga.

Orpa


Butembo, tarehe 26 Desemba 2002

Orpa,

Badilisheni dawa leo. Usiendelee kusoma. Nenda kwa Apollinaire, mwambie yeye ndiye aliyekuwa na haki, ni bakteria, kisha rudi.

Sasa soma.

Nilikupa maswali matatu, nikaruka lile lililopaswa kuja mbele ya yote: hiki ni kiumbe, au ni kipande cha kiumbe? Mwili wa mtu nao umejengwa kwa seli zenye kiini. Kuna seli zetu sisi wenyewe, kubwa, ambazo hutoka kwenye damu na kukimbilia mahali palipoumia. Zinameza kila kilichokufa hapo, hata chembe nyekundu. Hazimo katika kundi lolote nililokuandikia, kwa sababu si viumbe wa kujitegemea. Ni za mgonjwa mwenyewe. Ulikuwa unamwangalia mlinzi, nami nikakuambia ndiye mwizi. Mwizi ni mdogo sana. Bila rangi ya kumpaka na bila mtu wa kukuonyesha, mikroskopi yako isingemtenga na takataka nyingine. Hukumwona, mimi nikaandika kwamba hayupo.

Haya yote yamo katika kitabu kilichopo mezani kwangu, ukurasa ule ninaoufundisha mwezi wa pili. Sikukifungua. Nilijibu kwa kichwa, siku ile ile, kwa sababu Vagheni alikuwa anangoja, na kwa sababu nilifurahi kuulizwa.

Kuna jambo lingine, na sijapata kumwambia mtu. Orpa, mimi sijawahi kuona amiba. Chuoni tulikuwa wanafunzi arobaini kwa mikroskopi moja. Zamu yangu ilipofika umeme ulikatika, na katika ripoti niliiga alichochora mwenzangu. Hapa shuleni mikroskopi niliikuta imevunjika. Kwa miaka kumi na tisa nimechora picha ya kitabu ubaoni, na kila mwaka niliichora vizuri zaidi, hata nikasahau kwamba sikuiona. Wewe uliniandikia "hapana kutembea". Ulikuwa umeona kwa jicho lako. Nami nilikujibu kwa picha, nikakuambia jicho lako lina baridi.

Apollinaire atajua dawa gani. Wafanyabiashara wanaopita mpakani Kasindi wanaweza kuwapatia. Hapa mjini nimezunguka maduka ya dawa tangu asubuhi, nimepata vibweta viwili vya cipro, dawa ya bakteria, vimo ndani ya mfuko huu.

Umeandika kwamba sweta imefika. Hukuandika kama inamtosha. Katika barua nzima hukuandika jina la Bénie. Niambie.

Malachie


Beni, tarehe 2 Januari 2003

Prof wangu,

Bénie alikufa tarehe kumi na saba, Jumanne, saa tisa ya mchana. Alikunywa Flagyl siku tano. Vagheni alifika kesho yake asubuhi na mizigo yako, hatujamuzika bado. Berthe alifungua mufuko, akatoa sweta, akamuvalisha. Unauliza kama ilimutosha. Ilimutosha.

Berthe alinikamata mukono: "Usimuandikie papa. Nitamuambia mwenyewe." Nikakubali mbio, na nilikuwa hata na furaha kukubali, sababu mimi pia niliogopa. Njo maana ile barua ya tarehe makumi mbili na mbili iko vile iko. Kila neno ndani yake ni kweli, na barua yote ni bongo, ilikudanganya. Unisamehe.

Usibebe peke yako, Prof. Papa Apollinaire alisema bakteria tangu mwanzo. Mimi njo nilimushinda, na nilimushinda kwa kukusoma wewe mbele ya batu. Niliona kwa jicho yangu kitu haitembei, siku kwa siku, nikaacha kuliamini jicho sababu mutu mukubwa alikuwa amenipa jina. Na mutu akiisha kupata jina, anaacha kuangalia. Nilianza tena kuangalia baada ya Bénie kufa. Hiyo njo sitajisamehe haraka.

Barua yako ya makumi mbili na sita niliileta kwa papa Apollinaire. Alisoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia. Nilingoja anigombeze. Alisema tu: "Tuko na kazi," akaanza kugawanya zile vidonge zako kwa bagonjwa babaya zaidi. Siku mbili kisha, mama moja mufanyabiashara alitupatia zingine kutoka Kasindi. Siku ya tatu homa zilianza kushuka. Batoto balianza kuomba bugali. Tangu mwaka mupya hatujazika mutu.

Mbele ya hapo, tangu siku ya Flagyl ya kwanza, tulizika kumi na nne. Nimeandika majina yao yote kwa kaye ya labo. Sikujua mahali pengine pa kuyaweka.

Orpa


Butembo, tarehe 5 Januari 2003

Orpa,

Nimeipata. Nakuja. Vagheni amekubali kunichukua Jumanne; asipopita barrière, nitatembea.

Malachie


Beni, tarehe 27 Januari 2003

Prof,

Tangu ulipoondoka na Berthe nilitaka kukuandikia, mais mukono ulikuwa unakataa.

Siku ile ulifika, nilikuwa nimetayarisha mambo mingi ya kusema. Ukaingia na koti yako ya shule na kofia mukononi, ukaomba tu kuonyeshwa kaburi. Kisha ukaenda kwa papa Apollinaire. Nilikuwa mulangoni, nilisikia yote. Ulimuambia: "Mukubwa wangu, niliandika kitu sikukijua, na wewe ulikijua ukaniachia njia." Yeye akakujibu: "Mimi pia niko na sehemu yangu. Nilikuwa na miaka makumi mbili na tano, nikaiogopa karatasi." Mukakaa pamoja kwa benchi. Bagonjwa bakapita mbele yenu.

Nilikuonyesha mikroskopi. Ulisimama mbele yake, mikono nyuma, sawa mutu kwa mulango wa mwenye hakumualika. Ukasema: "Siku ingine." Sikukulazimisha.

Berthe anaendelea namna gani? Hapa hakulia mbele ya batu hata siku moja. Alikuwa anafua. Alifua nguo za bagonjwa ba uwanja muzima. Wakati mulikuwa munapanda mu gari, sikuona mukiongea.

Mimi nahamishwa. Kuko post moja ya afya karibu na Mabalako, haina laborantin, nao banaona kuhara damu. Papa Apollinaire anakuja na mimi wiki ya kwanza. Amesema tutafanya hivi: yeye ataangalia mugonjwa bila kuniuliza, mimi nitaangalia kioo bila kumuuliza, kisha kila mutu anaandika chake, na tunabadilishana karatasi. Zikigombana, hakuna mwenye atafungua katoni mbele ya kujua sababu.

Orpa


Butembo, tarehe 23 Februari 2003

Orpa, mwanangu,

Umeniuliza habari ya Berthe na sikukujibu kwa karibu mwezi, kwa sababu sikuwa na la kusema. Alikuwa ndani ya nyumba yangu kama mgeni mwenye adabu. Alipika, alifagia, alienda misa ya asubuhi. Nikimwuliza neno alijibu "ndiyo, papa" au "hapana, papa". Nikiingia jikoni alitoka pole pole, kama aliyekumbuka kazi nyingine. Nilijua anajua. Barua yangu ulikuwa umeisoma kwa sauti, na kila mtu wa uwanja ule aliisikia. Nikasema moyoni: ana haki, asinisemeshe mpaka nife.

Shuleni nilisimama mbele ya lile darasa la tano nililojivunia mbele yake. Niliwaambia yote, hata ile ripoti ya chuoni. Préfet, mkuu wa shule, aliniita ofisini. "Malachie, mambo kama haya hayasemwi mbele ya wanafunzi, wataacha kutuamini." Nikamjibu kwamba sitaki waniamini kabla hawajaangalia. Alikasirika. Hajanifukuza, maana hana mwingine wa biolojia.

Jana, Jumamosi, mchana, nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua maharagi ya mbegu. Berthe akaja na ungo wake, akakaa kwenye jiwe, upande wa pili. Tulichambua muda. Halafu akauliza, bila kuinua macho:

"Papa, ile ugonjwa ya Bénie, jina yake njo nini?"

Nikamwambia: "Shigella."

Akalirudia. Akalirudia tena, pole pole, kama anajaribu uzito wake. "Inaingilia wapi?"

"Mdomoni. Kwa maji, kwa mikono, kwa nzi aliyekaa kwenye chakula."

Vidole vyake vikasimama.

"Siku ya saba mu pori," akasema, "alililia maji toka asubuhi. Bidon ilikuwa imekauka. Tulifika mahali pa shimo, batu bengi balikuwa bamepita mbele yetu, balioga, balifanya kila kitu pale. Niliona ni chafu, papa. Niliona kabisa. Nikamupa. Alikunywa, akaniambia wasingya mama." Akaokota haragi bovu, akalitupa. "Njo maana siongeaki na wewe. Nilikuwa naogopa siku moja utaniuliza alikunywa nini."

Orpa, wiki sita nilidhani ananihukumu, kumbe mwanangu alikuwa anajificha kwa kuogopa hukumu yangu.

Nilihesabu kichwani, siwezi kujizuia, ndiyo kazi yangu. Siku ya saba alikunywa. Siku ya kumi na moja alianza kuhara, na ugonjwa ule huchukua siku chache kujionyesha. Hesabu inakubali. Ningeweza kumwambia hapana, si yale maji, na angeniamini kwa sababu mimi ni Prof. Nilikuwa na uongo huo tayari ulimini. Niliumeza.

Nikamwambia: "Inawezekana ni yale maji. Inawezekana ni mkono wa mtu aliyempa kipande cha muhogo. Kuna watoto walioumwa pale kanisani ambao hawakupita kwenye lile shimo. Hakuna mtu duniani atakayejua. Lakini mtoto mwenye kiu, mama hamwachi bila maji. Kinachojulikana ni hiki: ugonjwa ule una dawa, Apollinaire alisema tangu mwanzo ni bakteria, na barua yangu ikaizuia dawa hiyo. Hilo halina 'inawezekana'. Hilo ni langu."

Alirudi kwenye maharagi yake. Jua lilihama kutoka kwenye ungo wake likaja kwenye wangu. Nilingoja ainuke aende zake.

Akasema: "Basi, papa, tuibebe sisi wawili."

Nikasema ndiyo. Akavuta jiwe lake upande wangu, akamimina maharagi yake katika ungo wangu, tukaendelea kuchambua pamoja.

Baba yako,
Muyisa Malachie